Saa Moja ya Kukuna Nazi

Zaidi alikuwa amejiandaa kabisa kutamka kwamba hana kazi. Neno hilo alilifanyia mazoezi tangu alfajiri, akipiga mswaki, akifunga shuka, na binti wa takwimu alipoketi barazani kwake pale Tumbi na kishikwambi mapajani, maneno yalikuwa yameshaiva mdomoni. Usidhani ni jambo dogo. Mwanamume aliyesimamia mashine ya vifuniko kwenye kiwanda cha ndoo tangu hajaoa, hata kama amepunguzwa pamoja na nusu ya zamu yake, akiulizwa kazi bado anajibu "nipo kiwandani". Ulimi umeshazoea njia hiyo.

Binti mwenyewe aliitwa Firdausi. Alikuja na mjumbe wa shina, Mzee Zahoro, maana mgeni wa serikali hapiti mtaani bila mjumbe, na mjumbe akishafika haondoki. Mzee Zahoro alivutiwa kigoda, akawekewa chai, akatulia pale kama shahidi wa ndoa.

Firdausi aliuliza mkuu wa kaya ni nani. Hamisa, mke wa Zaidi, alijibu haraka kwamba ni mume wake, huyu hapa. Akaulizwa yeye anafanya kazi gani. Akasema hana kazi, yuko nyumbani tu. Alisema hivyo mikono yake ikiwa na unga wa mchele mpaka kwenye viwiko, na beseni la vitumbua alivyouza asubuhi ile likiwa limeinamishwa ukutani linachuruzika maji. Firdausi alilitazama beseni, akamtazama Hamisa, akauliza tena taratibu.

"Aa, hivyo vitumbua?" Hamisa alisema. "Hivyo ni vya kusukumia siku."

Ikaja zamu ya mkuu wa kaya. Zaidi alikohoa, akasema, "Mimi sina kazi." Ilitoka vizuri kuliko alivyotegemea. Hata kifua kilimpungua uzito.

Firdausi alimpa pole, akabonyeza, akasoma swali lililofuata kwa sauti ya mtu aliyeshalisoma nyumba nyingi. Alitaka kujua kama ndani ya siku saba zilizopita Zaidi alifanya kazi yoyote, hata kwa saa moja tu, iwe ya malipo au ya kusaidia biashara ya familia.

"Hapana," alisema Zaidi.

"Ananikunia nazi," alisema Hamisa.

Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alikuwa anamsifia. Akaendelea kueleza kwamba mume wake anakuna kuliko yeye, kifuu anakiacha cheusi kabisa, na kila siku saa moja inatimia na kupita. Mzee Zahoro alipaliwa na chai. Kwa miezi yote tangu apunguzwe Zaidi alikuwa anakalia mbuzi ya kukunia nazi ndani ya chumba, mlango umefungwa na redio imefunguliwa ili ule mkwaruzo usisikike nje, na sasa habari ilikuwa barazani, mbele ya mjumbe, ambaye mdomo wake ulikuwa unafika Mlandizi kabla ya basi.

Firdausi hakucheka. Alibonyeza, akasubiri, akasema kwamba kwa majibu hayo mfumo unamweka Zaidi upande wa wenye kazi.

"Mimi?"

"Wewe, baba. Saa moja inatosha."

Akaongeza kwamba majibu ni siri, na kwamba baada ya wiki hivi baadhi ya nyumba zitarudiwa ili kuhakiki, pengine na hii. Akaaga, akaenda nyumba ya pili. Mzee Zahoro, kwa mara ya kwanza katika historia ya shina lake, akamwacha mgeni aende peke yake.

*

Sasa utauliza, kuandikwa ana kazi kunamuumiza nini mtu? Wengine si wangeshukuru? Tatizo lilikuwa chini ya godoro. Huko kulikuwa na barua ya kupunguzwa kazi, na kwa barua hiyo Zaidi angeweza kwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kudai fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Alikuwa ameikalia barua ile tangu Ramadhani akitumaini kiwanda kitamwita. Kiwanda hakikuita. Mwenye nyumba ndiye aliyeita, akasema mwisho wa mwezi anataka kodi yote au vyumba vyake.

Na wakitolewa vyumbani, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: Mzenga, Kisarawe, kwa Mzee Abdala, baba yake Hamisa. Mwanamume kwenda kuishi kwa wakwe zake na mkewe na mtoto na godoro. Zaidi akilifikiria jambo hilo alikuwa anasikia baridi kwenye meno. Siku ya posa Mzee Abdala hakuuliza ukoo wala hakuuliza mahari. Aliuliza kama kijana ana kazi, akajibiwa anayo, ya kiwandani, akasema basi mengine mtapanga wenyewe. Tangu siku hiyo Mzenga nzima ilikuwa inajua kwamba Mzee Abdala ana mkwe msimamizi wa kiwanda Kibaha. Mtaa wa Tumbi ulijua Zaidi amepunguzwa. Mzenga haikujua, na Zaidi na Hamisa walikuwa wamekubaliana isijue.

Mzee Zahoro aliinamisha kichwa akashusha sauti. Aliwahi kuwa mgambo ujanani, kwa hiyo serikali alikuwa anaijua nje ndani, kwa maelezo yake.

"Serikali ni moja, Zaidi. Kishikwambi kile kikibonyezwa hapa, kengele inalia kule kwenye mafao. Wataona mwenye kazi anadai fao la wasio na kazi. Hiyo ni kesi."

"Lakini binti kasema ni siri."

"Siri kwako na kwangu. Wao kwa wao watafichana nini?"

Dawa, alisema mjumbe, ni ile hakiki ya wiki ijayo. Zaidi asifanye kazi yoyote ile. Siku saba. Akirudi yule binti akute mtu aliyekaa, akosoe maandishi yake, na hapo ndipo Zaidi achukue barua aende ofisini akiwa mtupu kabisa, hana doa.

Wiki ikaanza. Nimewahi kuona watu wanaojituma, lakini sijaona mtu aliyejituma kutofanya kazi kama Zaidi. Alikaa. Aliamka asubuhi, akanawa, akakaa. Ndoo ya maji hakuigusa, maana maji yale yanaingia kwenye unga, na unga ni biashara ya familia. Jirani alimwomba amshikilie ngazi abandike bati, akamjibu kwamba wiki hii hawezi. Binti yake Yasmin alipomletea hesabu za shule zilizomshinda, alitoka kwanza kwenda kumuuliza mjumbe kama hiyo nayo inaingia. Mjumbe alifikiri, akasema hesabu za kujumlisha hazina neno, za kugawanya aziache.

Aliyeumia ni Hamisa. Siku ya kwanza alikuna nazi mwenyewe, vitumbua vikatoka jua limeshapanda na wateja wake, wauguzi wa zamu ya asubuhi pale hospitali, wameshakula kwa mwingine. Siku ya pili alipunguza unga. Ya tatu alipeleka nusu beseni, na mteja wake mmoja akamuuliza kama anaumwa. Jioni ya siku ya nne alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni.

"Baba Yasmin, nieleze vizuri nielewe. Umeacha kunisaidia ili wakuandike hunisaidii?"

"Ni siku tatu zimebaki, mama Yasmin."

"Halafu ukishakuwa huna kazi rasmi, tutakula huo urasmi?"

Zaidi alikuwa anajua kwamba mkewe ana haki, na kilichomchoma zaidi ni kugundua kwamba ile saa moja nyuma ya mlango, ambayo aliiona fedheha, ndiyo iliyokuwa inaivisha vitumbua kwa wakati. Lakini mjumbe alishasema, na Zaidi ni mtu wa kufuata utaratibu. Mashine ya vifuniko ilimlea hivyo.

*

Asubuhi ya siku ya tano simu ililia kutoka Mzenga. Bi Maua, shangazi yake Hamisa, dada wa Mzee Abdala, amefariki, atazikwa baada ya Alasiri. Hamisa alilia huku anafunga kanga, Yasmin akaachwa kwa jirani, wakapanda basi mpaka Mlandizi, hapo wakachukua bodaboda, wakafika msibani wana vumbi mpaka kwenye nyusi.

Sasa, kwa Wazaramo wa kule, mkwe mwanamume hahani kwa mdomo. Anahani kwa mikono. Akifika msibani anavua shati zuri, anaulizia jembe, shoka au sufuria, na watu wanamtazama kwa jicho la pembeni kuona binti yao yuko kwenye mikono gani. Zaidi aliyajua hayo vizuri. Kwenye mazishi ya mama mkwe wake alipasua magogo mpaka wazee wakamtuma kijana amnyang'anye shoka.

Safari hii alisalimia, akapokea marahaba zake, akatafuta kona ya mkeka, akakaa. Mzee Abdala, macho mekundu kwa kumlilia dada yake, alimletea jembe kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia kwamba vijana wameshaanza makaburini. Zaidi alilipokea jembe kwa mikono miwili, akaliegemeza ukutani, akasema mgongo unamsumbua kidogo. Mzee alimtazama, akaondoka. Zaidi alitamani ardhi impokee yeye badala ya marehemu.

Kama si watani, huenda angesalimika. Lakini Mzenga kuna Wilfred, Mnyamwezi aliyekuja kununua korosho miaka mingi iliyopita na, kwa maneno yake, bado anatafuta nauli ya kurudi Tabora. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata kadhi hana. Wilfred alifika amevaa gauni la mke wake, akadai kwanza kahawa, kisha masikio ya watu wote. Alipomwona Zaidi kwenye kona, alichuchumaa mbele yake, akamgusa goti, akamwinua mkono na kuuachia uanguke.

"Jamani Wazaramo," aliwaambia watu, "mbona mlituita kwa maiti mmoja? Huyu wa pili mnamzika lini? Au huyu anakula?"

Mkeka wote ulicheka, hata waliokuwa wanalia. Zaidi alicheka pia, maana mtani hakasirikiwi. Alipoinua macho alimwona Hamisa amesimama penye mlango wa uani na sinia la vikombe. Hamisa hakuwa anacheka.

Mazungumzo yakaendelea. Latifu, binamu yake Hamisa mwenye duka Kisarawe mjini, alikuwa ameshika simu akasoma habari kwamba wasio na kazi nchini wamepungua. Mmoja akauliza wamepungua wameenda wapi. Mwingine akasema labda wamehesabu na wanaoshika simu. Latifu akasema siku hizi mtu akipunguzwa kazi, ukiacha malipo yake ya kiwandani, kuna fao analipwa kwa kukaa, na yeye anaona ni sawa, kwa kuwa tumbo halijui kama umepunguzwa. Hapo ndipo Mzee Abdala alipojinyoosha mgongo.

"Kulipwa kwa kukaa? Mimi nimelima tangu sijaota ndevu. Mvua imegoma mara ngapi? Nani aliniletea fao la mvua? Mtu ana mikono na miguu, apewe pesa anywe kahawa, halafu mnashangaa vijana hawataki jembe." Akamnyooshea kidole mkwe wake kwa fahari iliyobakia. "Muulizeni huyu. Huyu yuko kiwandani, anajua jasho. Mkwe, waambie."

Watu walimgeukia. Zaidi alitazama jembe pale ukutani. Alimfikiria Bi Maua, ambaye kila alipokuja Kibaha alileta mihogo kwenye kiroba, na ambaye shimo lake lilikuwa linachimbwa sasa hivi na watoto wa watu wengine kwa sababu mkwe alikuwa anatunza siku zake saba. Aliona aibu. Aibu hii mpya ilikuwa kubwa kiasi kwamba ile ya zamani ikawa haina pa kukaa.

"Baba, mimi sina kazi," alisema. "Nimepunguzwa tangu Ramadhani. Fao hilo wanalolisema ndilo ninalolitafuta. Nimeambiwa nikifanya kazi wiki hii nitalikosa, ndiyo maana sijagusa jembe. Mgongo hauna kitu."

Hata Wilfred alilitengeneza gauni lake akakaa vizuri. Mzee Abdala alimtazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Unakula nini?"

"Ninalishwa na mwanao. Anauza vitumbua. Mimi ninamkunia nazi."

Kule mlangoni vikombe viligongana kwenye sinia. Mzee aligeuka akamtazama binti yake, akarudi kwa mkwe.

"Huko kiwandani walikuwa wanakukata pesa kila mwezi, ya huo mfuko?"

"Kila mwezi, baba."

"Basi utakuwa umekwenda kuchukua gunia lako ulilohifadhi kwa jirani. Hapo pana uvivu gani?"

Latifu hakuvumilia. Akamkumbusha mzee, kwa adabu zote, kwamba dakika ile ile alikuwa anasema kinyume.

"Nilikuwa nasema watu," alisema Mzee Abdala. "Huyu ni mkwe wangu."

Kisha akamwambia Zaidi, kwa sauti ya chini lakini wote walisikia, kwamba kilichomuuma si kazi kupotea. Kazi hata yeye hupotelewa kila mvua ikikataa. Kilichomuuma ni kufichwa, kana kwamba nyumba yake haina mlango. Chumba kipo, alisema, na minazi ipo nyuma ya nyumba. Zaidi aliitikia kwa kichwa. Akavua shati, akachukua jembe.

"Chimba dakika hamsini na tano, halafu utoke," Wilfred alimwambia wakipishana. "Ikifika saa, umeajiriwa."

Hakutoka. Alichimba mpaka mwanandani, akapokea mwili, akafukia. Siku tatu za matanga alipasua magogo, akachota maji, akasimamia sufuria la pilau lililolisha vijiji viwili. Usiniulize masaa.

*

Waliporudi Kibaha, Zaidi alitoa barua chini ya godoro na kwenda ofisini. Alimweleza kijana wa dirishani kila kitu bila kuulizwa, binti wa takwimu, nazi, kengele inayolia kule. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza nani amempa habari hizo. Zaidi akasema ni mzee mmoja anayeijua sana serikali. Kijana akamwambia takwimu na mafao ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba angekuja mapema asingekuwa na mwenye nyumba shingoni. Akapokea makaratasi, akagonga muhuri. Mwenye nyumba alioneshwa huo muhuri, akaugeuza huku na huku, akaguna, akasema atasubiri mpaka ujumbe wa pesa uingie. Alisema kwa sauti ya kugomba, lakini alisema.

Kesho yake asubuhi Firdausi akaja kuhakiki. Mzee Zahoro alikuwa amemtangulia na kigoda chake. Hamisa alikuwa uani, siku ya kwanza ya kurudi kwenye vitumbua, kikapu cha nazi kimekaa karibu na mlango.

Firdausi alianza na Zaidi. Siku saba zilizopita, kazi yoyote, hata saa moja. Zaidi alimwambia alichimba kaburi, akapasua kuni, akapika.

"Ulilipwa?"

"Nililishwa pilau."

"Ni biashara ya familia?"

"Ni msiba wa familia."

"Na nazi?"

"Sikugusa hata moja."

Firdausi alibonyeza, akasubiri. "Basi wiki hii huna kazi, baba." Mzee Zahoro aliachia tabasamu la mtu ambaye mpango wake umetimia. Mimi sisemi kitu. Wiki aliyokaa kwenye mbuzi saa moja nyuma ya mlango, ana kazi. Wiki aliyopasuka viganja, hana. Takwimu zina wenyewe.

"Na mkuu wa kaya ni yule yule?" Firdausi aliuliza, kidole kikiwa kimeshaelekea kwenye jibu.

"Ngoja," alisema Zaidi. "Hapo andika Hamisa."

Kule uani mwiko ulisimama. Mzee Zahoro aliinuka nusu, akataka kueleza utaratibu, Zaidi akamwashiria akae.

"Huyo ndiye anayefanya kazi nyumba hii. Nyumba hii inakula kwa mkono wake tangu Ramadhani. Wiki iliyopita alikwambia yuko nyumbani tu, nami nilikaa hapa nikamsikia nikanyamaza. Lile andiko ndilo la kukosoa."

Firdausi alimtazama Hamisa ili athibitishe. Hamisa alijifuta uso kwa upande wa kanga, akajifuta tena ingawa hapakuwa na moshi. Alipopata sauti, ilitoka ya kawaida kabisa.

"Mwandike anavyosema," alisema. "Halafu mwambie mkuu wa kaya anauliza, hizi nazi zinakunwa leo au kesho?"

Zaidi aliingia chumbani. Akatoka na mbuzi, akaipitisha mlangoni, akaiweka katikati ya baraza, njia ya watu wote, akaikalia. Redio hakuifungua. Alichukua nusu ya kwanza ya nazi, akaigeuza, akamwinulia Firdausi uso.

"Hii ya leo," alisema, "utaihesabu wiki ijayo."